Mawe ya simiti ndani ya tangi la samaki

Ndugu, umeuliza kama simiti itaua samaki wako. Ikiwa mbichi, itawaua. Ikilowekwa vizuri, haina neno.

Mawe haya ya kuigiza ni stairofomu, lile povu jeupe jepesi, iliyopakwa simiti juu. Stairofomu usinunue, pita maduka ya televisheni pale Luthuli Avenue, Nairobi, uombe ile inayokuja ndani ya maboksi. Ichonge kwa kisu hovyohovyo tu, maana jiwe halina mistari iliyonyooka. Kisha igandishe kwenye kioo cha nyuma kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, uiache siku 2 au 3. Hapo usibanie silikoni! Stairofomu inataka kuelea muda wote. Yangu ilichomoka usiku, nikaamka zulia limelowa chapachapa.

Simiti ipake kwa brashi, tabaka la kwanza jepesi kama uji, mengine 2 au 3 mazito zaidi, ukinyunyizia maji yasipasuke. Halafu jaza tangi, ubadilishe maji kila baada ya siku 2 kwa wiki 3 hivi, hadi kipimo cha pH, yaani asidi au alkali ya maji, kitulie. Mbuna, samaki wa Ziwa Malawi, hupenda maji yenye chokaa, hao watakusamehe. Samaki wadogo aina ya neon tetra wanataka maji laini, yasiyo na chokaa nyingi. Kwao ongeza wiki.