Mkebe wa Blue Band kwenye droo yangu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ufundi wa ndege, nawaandikia kuhusu ukaguzi mmoja ulionikuta nikiwa na miaka miwili kazini, katika karakana ya ndege za jeshi hapa Nairobi.

Wiki nzima tulikuwa tunasugua. Sakafu iling'aa, ovaroli zikapigwa pasi, ubao wa vifaa ukapakwa rangi upya, kila spana ikawa na mahali pake palipochorwa umbo lake. Mkaguzi alipofika hakuitazama sakafu. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akavuta droo ya chini na kutoa mkebe wa Blue Band.

Ndani mlikuwa na bolti, nati na washa zilizobaki kwenye kazi za nyuma. Nilikuwa nimeziweka kwa nia njema. Nenda Grogan, mtaa wa magereji hapa Nairobi, leo, utamkuta fundi hodari wa magari ana mkebe kama ule, na hakuna anayemlaumu. Mkaguzi akazimwaga juu ya karatasi nyeupe, akatenga bolti mbili zilizofanana kama mapacha.

"Hizi ni aina moja?"

"Ndiyo, afande."

Akanipa venia, kifaa cha kupimia unene, nipime mwenyewe. Zilitofautiana karibu nusu milimita. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ngapi zimetoka humu zikaingia kwenye ndege?"

Ningeweza kusema hakuna hata moja. Namshukuru Mungu nilisema, "Sijui, afande."

Kwa jibu hilo helikopta niliyokuwa nikiihudumia ilisimamishwa siku mbili. Kila kifuniko nilichokifunga na kukitia sahihi kilifunguliwa, kila bolti ikalinganishwa na namba iliyo kwenye kitabu cha vipuri. Wakubwa zangu walikosa kwenda nyumbani Jumamosi hiyo. Tulipata bolti moja fupi kuliko inavyotakiwa. Moja tu, na pembeni mwa kazi ile katika kumbukumbu kulikuwa na jina langu.

Mkiona ni jambo dogo, someni habari za ndege ya British Airways, safari namba 5390, tarehe 10 Juni 1990. Ilitoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa angani zaidi ya futi 17,000, kioo cha mbele kiling'oka na rubani akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu walimshikilia miguu mpaka msaidizi wake alipotua Southampton, na watu wote wakaokoka. Kioo kile kilikuwa kimefungwa kwa bolti 90, na 84 kati yake zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Fundi alizichagua usiku kwa kulinganisha na ya zamani kwa macho. Mtunza stoo alikuwa amemtajia aina sahihi. Fundi yule hakuwa mvivu, alikuwa mzoefu, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Kwa hiyo, kila kinachobaki kazini kirudi stoo kikiwa na kadi yake inayoonyesha ni kipuri gani. Kisicho na kadi kitupeni, hata kama kinameta. Namba ya kipuri itoke kitabuni, isitoke kwenye kile ulichokifungua, maana aliyekutangulia naye anaweza kuwa alikosea. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza iangalieni tarehe yake ya kuhakikiwa upya kabla ya kuishika. Usimtilie mwenzako sahihi yako kwenye kazi usiyoiona, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana.

Na ukidondosha kitu ndani ya ndege, sema papo hapo, hata kama zamu imekwisha na matatu yako inaondoka. Kijana mmoja wa zamu yangu alinijia juzi, mikono ikimtetemeka: "Mkubwa, nati imeniponyoka na siioni." Tulizima kila kitu, tukaleta tochi na vioo vya kuchungulia. Saa nne za usiku tuliikuta chini ya kanyagio za rubani, pale ambapo ingetosha kuzikwamisha.