Barua kwa mwanangu: karatasi kwanza, kisha barabara

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna haja ya kuandikia Bunge la Kenya maoni kuhusu Mswada wa Fedha, ule wa kodi wa kila mwaka, ama heri uchukue bendera na chupa ya maji ushuke mjini na wenzako. Mimi nasema yote mawili, ila kila moja lina wakati wake.

Mswada hufika Bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Katikati hapo, Kamati ya Fedha hutangaza magazetini siku ya mwisho ya kupokea maoni. Ukingoja mpaka mtandao uchemke, utapata mlango umefungwa.

Usiandike "nakataa mswada wote" ukaishia hapo. Kamati hupitia mswada kifungu kwa kifungu, na maoni yasiyotaja kifungu ni rahisi kuyaruka. Chora jedwali la safu nne: nambari ya kifungu, kinachosema, unachotaka (kifutwe, au kisomeke hivi), na sababu. Kwenye sababu weka hesabu. Mswada wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungepanda kwa shilingi 10 na senti 40. Nyumba inayokula mmoja kila siku ingeongeza shilingi 312 kwa mwezi. Hiyo hata mbunge anayesinzia anaielewa.

Tena uwe macho na neno "kusamehewa". Bidhaa ya kiwango cha sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT si kitu kimoja, ingawa kwa mnunuzi zote mbili hazina kodi. Ya kwanza, mtengenezaji hurudishiwa VAT aliyolipia malighafi na stima. Ya pili harudishiwi, basi anaitupia kwenye bei. Watu hushangilia msamaha, kumbe wamepandishiwa bei.

Kodi ya mkate iliondolewa Juni 18, 2024, vijana wakiwa tayari wako barabarani Nairobi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba karatasi peke yake ilitosha. Na Rais alikataa kuutia saini mswada wenyewe Juni 26, siku moja baada ya vijana kupigwa risasi nje ya Bunge.

Ukienda basi, nenda ukijua sheria. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Mwandalizi humwarifu OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa maandishi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, akitaja jina na anwani yake, tarehe, saa na njia mtakayopita. Saa ni kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, si kuomba kibali. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inataka uambiwe sababu, uruhusiwe kunyamaza, uongee na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu Jumatatu.

Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Mama