Tuonesheni kwanza matokeo ya Makutupora

Swali la jarida wiki hii lilikuwa fupi: "Je, ungekubali kulima na kula mahindi yaliyobadilishwa vinasaba?" Ninaandika kutoka Chamwino. Nalima mtama, uwele, alizeti na kipande cha mahindi, na pia nazalisha mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu ambazo mkulima huzalisha mwenyewe chini ya ukaguzi, kwa ajili ya wakulima wa kata yangu. Jibu langu ni kwamba swali hili limetufikia kabla ya wakati wake. Hapa hapa Dodoma palifanyika jaribio ambalo lingetusaidia kulijibu. Likakatizwa, na mimi na wakulima wenzangu hatujawahi kusomewa kilichoonekana.

Kwa msomaji asiyekumbuka: Oktoba 2016, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora, yalipandwa kwa mara ya kwanza nchini mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Yalikuwa na kinasaba kilichotolewa kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, ambacho kazi yake ni kuusaidia mmea usisimame kukua maji yanapopungua. Baadaye likaongezwa suala la wadudu, kwa kinasaba kingine kinachofahamika kama Bt, kinachoufanya mmea uwaue viwavi wanaoutafuna. Mradi uliitwa WEMA, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mahindi yanayotumia maji vizuri kwa Afrika, ulianza 2008, na ulihusisha pia Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Uliratibiwa na AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo Afrika yenye makao Nairobi, na teknolojia ilitoka kampuni ya Monsanto, iliyokubali isidai malipo ya hakimiliki. Shamba lilikuwa na uzio na lilitengwa na mahindi mengine. Kabla ya hapo watafiti wetu walikuwa wamekwama, kwa sababu kanuni za 2009 ziliwabebesha dhima nzito mno kwa madhara yoyote. Zilirekebishwa 2015, ndipo mlango ukafunguka.

Ukafungwa Novemba 2018. Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasitishwe na mabaki yake yateketezwe. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kwamba majaribio ya aina hiyo yamekomeshwa. Waliopinga GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, walishangilia, waliounga mkono wakasikitika. Mkulima wa Bahi au Mpwapwa, ambaye ndiye ukame unamkuta shambani, hakuna aliyemgeukia kumwambia: mahindi yale yalifanya hivi msimu wa kwanza na hivi msimu wa pili.

Sehemu ya kula nitaimaliza upesi. Ningekula. Hofu kubwa ya kansa ilipata nguvu Septemba 2012, picha za panya wenye uvimbe, waliolishwa mahindi ya GMO katika utafiti wa mwanasayansi Séralini wa Ufaransa, zilipozunguka dunia. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Utafiti ule uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka 2013, kwa sababu panya walikuwa wachache na wa aina inayopata uvimbe kwa urahisi hata bila kulishwa mahindi hayo. Marufuku ya Kenya iliendelea hadi Oktoba 2022, kisha ugomvi ukahamia mahakamani. Mwaka 2016 taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani zilipitia machapisho zaidi ya 900 na hazikuona ushahidi kwamba vyakula hivi vina hatari kubwa kwa afya kuliko vya kawaida. Nilitosheka na hilo.

Ila ripoti ile ile ina sehemu ambayo wapenzi wa GMO hawaisomi kwa sauti. Watafiti walitazama pia mavuno ya Marekani kwa ujumla, na hawakuona kwamba kasi ya kuongezeka kwake ilibadilika baada ya mbegu hizi kuingia. Zilipunguza hasara ya wadudu pale wadudu walipokuwa wengi, na zilirahisisha palizi. Hayo ni mafanikio, lakini muujiza wa magunia haupo.

Sasa ukame wenyewe. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni kama milimita 570 kwa mwaka wa kawaida. Kiasi hicho kingetosha kama kingekuja kwa mpangilio. Kinachotuua ni pengo la Januari na Februari, mvua inapokatika wakati mahindi yanachanua. Pengo likiwa la siku kumi, kinasaba kile huenda kikaokoa kitu. Likiwa la mwezi mzima, hakuna kinasaba cha kutengeneza maji ambayo udongo hauna. Mahindi ya aina hii yaliingia sokoni Marekani mwaka 2013 na faida yake ni ya wastani, hasa ukame ukiwa wa wastani. Mwaka 2018 Afrika Kusini, nchi iliyozoea GMO tangu miaka ya 1990, ilikataa ombi la kuuza mbegu iliyobeba kinasaba hicho hicho pamoja na vingine, kwa maelezo kwamba takwimu zilizopelekwa hazikuonesha faida ya kutosha wakati wa upungufu wa maji. Hao si wanaharakati. Ni wasimamizi wa nchi inayolima mahindi ya GMO kila msimu.

Hapa ndipo linapokuja jambo linaloniuma zaidi. Jaribio la aina ile hulinganisha mahindi yenye kinasaba na mahindi yale yale yasiyo nacho. Kwa mtafiti huo ni utaratibu sahihi, kwa sababu anataka kujua kinasaba kimefanya nini. Lakini mimi ninapoamua nipande nini Desemba, simlinganishi hindi na ndugu yake. Nalinganisha hindi na uwele. Kituo cha Hombolo, jirani tu na Makutupora, kimefanya kazi miaka mingi kwenye mtama na uwele. Tuna uwele wa Okoa na Shibe tangu 1994, mtama wa Macia tangu 1999, na mtama wa Hakika na Wahi unaovumilia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Macia inakomaa mapema na inavumilia pengo la Februari ambalo mahindi hayalivumilii. Wazee wa Kigogo hawakula ugali wa uwele kwa mlenda miaka yote hiyo kwa kukosa akili ya kulima mahindi.

Mtu wa mjini atauliza, basi kwa nini tunaendelea na mahindi? Kwa sababu ya ndege, kwelea kwelea. Mtama ukianza kutia punje, kundi moja likishuka asubuhi linaweza kumaliza shamba kabla ya jua kukolea. Zamani watoto waliamia ndege, yaani waliwafukuza shambani, kuanzia alfajiri. Sasa watoto wako shuleni, na hilo ni jema, ila shambani hakuna wa kuamia. Hindi limefungwa ndani ya maganda yake, ndege hasumbuki nalo. Tena mnunuzi wa mahindi yupo, soko la nafaka la Kibaigwa liko barabarani, na sembe inapikwa kila nyumba. Mtama mpaka umtafute mnunuzi. Ukitaka kumsaidia mkulima wa Dodoma dhidi ya ukame, huenda fedha za ndege na soko la mtama zingemfikisha mbali kuliko kinasaba cha bakteria. Huenda. Sina namba, na namba ndizo ninazodai.

Kwenye wadudu naona hoja ya GMO ina nguvu, na wapinzani wake hawaitendei haki. Viwavijeshi vamizi vimetuvaa tangu 2017. Nimeona vijana wakipuliza dawa bila barakoa, bila glavu, bomba linavuja mgongoni. Mahindi yenye Bt yanapunguza unyunyiziaji huo. Tena kuna sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Mwaka 2016, mwaka ule ule Makutupora ilipopanda, watu wa Dodoma na Manyara walikula mahindi yenye sumukuvu wakaugua, na takriban 20 wakafa. Punje iliyotobolewa na funza ni mlango wa kuvu. Imeonekana sehemu nyingi kwamba mahindi ya Bt huwa na kiwango kidogo cha fumonisini, mojawapo ya sumu hizo. Kwa aflatoksini, ambayo ndiyo iliyoua hapa, ushahidi unayumba, kwa kuwa ukame shambani na uhifadhi mbaya vina sehemu kubwa. Lakini hili lingepimwa Makutupora na ghalani, na kwangu mimi lina uzito kuliko gunia moja la nyongeza.

Afrika Kusini imetuachia onyo hapa pia. Funza wa mabua kule walianza kuzoea Bt, na ikaripotiwa kabla hata ya miaka kumi na tano ya kulima. Sababu mojawapo ni kwamba wakulima hawakutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, ambako wadudu wasiozoea wangeendelea kuzaana na kupunguza makali ya wale waliozoea. Nani atatenga sehemu hiyo kwenye shamba la eka moja na nusu, na amwachie mdudu kwa hiari? Hilo ni swali la kujibiwa kabla ya mbegu kufika dukani. Burkina Faso nao waliikumbatia pamba ya Bt mwaka 2008, mavuno yakapanda, lakini nyuzi zikawa fupi, bei ikaumia, na kufikia 2016 wakaiacha. Kilichowakwaza ni kitu ambacho wakulima na wachambuaji pamba walikiona kwa macho, na hakikuwa kansa.

Kuhusu kutegemea makampuni, hoja hii naisikia sana mikutanoni, lakini ukweli ni kwamba mwenye kupanda mahindi chotara tayari ananunua mbegu kila mwaka. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine. Nazalisha mbegu ya Situka, aina ya mahindi yasiyo ya GMO. Shamba la mbegu ya mahindi lazima liwe mbali na mahindi mengine, kwa sababu chavua yake inasafiri na upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua. Jirani akipanda mahindi ya GMO bila kuniambia, mbegu yangu ni ya nani, na nikikataliwa kuiuza, nani anilipe? Aliyeandika kanuni kali za 2009 alikuwa na jambo kichwani, ingawa aliwafunga watafiti mikono. Na mpaka leo tunauziwa mbegu feki katika maduka ya pembejeo, mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wameweka lebo yenye namba ya kukwangua, nayo inasaidia kwa mwenye simu na mwenye kujua. Mtu aliyewahi kupanda mbegu feki msimu mzima hatakuamini ukimletea pakiti mpya yenye ahadi kubwa zaidi, hata kama ahadi ni ya kweli.

Kongwa tunayo historia ya kutufundisha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, walipanga kufyeka eka 150,000 mwaka wa kwanza na wakafikia kama 7,500. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu, mvua ikawa haba, mitambo ikavunjika. Mwaka 1951 waliondoka na hasara ya pauni milioni 36. Walikuwa na wataalamu na fedha. Hawakuwa na subira ya kupima eneo dogo kwa misimu kadhaa kabla ya kufyeka msitu. Makutupora ilikuwa ni subira hiyo hasa, ndiyo maana kuifunga kulinisikitisha ingawa sijashawishika kwamba ningenunua mbegu ile.

Ningependa majaribio yarudi, ndani ya uzio, bila mtu kuyatangaza kuwa ni ruhusa ya kuuza. Safari hii upandwe pia uwele wa Okoa, mtama wa Macia na Situka katika mistari ya jirani. Pimeni magunia kwa eka, gharama ya mbegu na dawa, siku za kuamia ndege, na sumukuvu kwenye punje zilizokaa ghalani. Yakiwa mazuri semeni, yakiwa mabaya semeni, kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambapo mtu anaweza kunyoosha mkono na kuuliza. Na kama serikali imeshaamua kwamba hayatarudi, ile misimu iliyokwisha pandwa kati ya 2016 na 2018 ilipimwa kwa fedha na jasho la watafiti wetu. Takwimu zake ziandikwe kwa Kiswahili na zibandikwe katika ofisi za kata za mkoa huu.