Kuhusu ile nyumba ya Canna

Mwanangu,

Umeniuliza kama inafaa kuwapeleka watoto Canna, kile kisiwa cha Scotland, likizo hii, au watachoka bure na safari ya boti kutoka Mallaig. Watoto kuchoka si neno, watalala. Mimi tangu siku ile tuliyokwenda na marehemu baba yako, ninayemuwaza ni yule mama wa Kimarekani, Margaret Fay Shaw.

Mle nyumbani mwao, nyinyi mlikuwa mkitazama vipepeo alivyokusanya mumewe, John Lorne Campbell, mimi nimeganda mbele ya piano. Mtu na muziki wake kutoka Pennsylvania anakwenda kisiwa cha South Uist, hukohuko Scotland, mwaka 1929, anakaa na wale dada wawili wa ukoo wa MacRae mpaka 1935, anajifunza lugha yao ya Kigaeli, anaandika nyimbo zao kwa mkono. Mume naye alikinunua kisiwa kizima cha Canna mwaka 1938, na mwaka 1981 akakikabidhi kwa National Trust for Scotland, shirika la kutunza urithi, pamoja na nyumba na maktaba yake.

Nimesema siku zote: anayetaka nyimbo za watu na akae nao kwanza. Bibi yako alijiwa na mgeni mwenye rekoda, akajifunga kanga mpya, akaimba nyimbo za harusi pale barazani mpaka adhana ya Magharibi, sauti ikamkauka. Tukaahidiwa kanda. Kila aliyebisha hodi bibi aliuliza, "Kanda imekuja?" Akafa hajaisikia, na mimi sijasamehe.

Lakini Margaret naye si alikuwa mgeni? Na asingekuja, nani angeziandika? Leo rekodi za Canna zinasikilizwa bure kwenye intaneti, wajukuu wa walioimba wanasikia sauti za wazee wao. Basi ugeni si kosa. Kosa ni kuchukua na kuondoka. Ingawa nyumba nayo, hata iwe nzuri vipi, haiongei na mtoto. Kigaeli kinataka watu wa kukisema jikoni.

Sikwambii nenda wala usiende, watoto ni wako. Ningekuwa mimi… basi, nanyamaza. Ulizia tu kwanza kama nyumba iko wazi.

Shangazi yako Tanga bado anazikumbuka baadhi ya nyimbo za bibi. Simu yako inarekodi. Ramadhani usimsumbue, ila baada ya Idi ana nafasi, na jioni sauti yake huwa nzuri zaidi.

Mama yako