Siku ya baridi Beijing, anza na miguu

Januari niliyokwenda Beijing nilikuwa na koti zito la kuazima, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye koti hilo. Mimi mzaliwa wa Tanga. Baridi ninayoijua ni ile ya Julai, ya kuvuta shuka alfajiri. Asubuhi hiyo ilikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri. Nikatoka na koti langu, soksi nyepesi za pamba na raba za soli nyembamba. Kufika saa nne nimesimama katikati ya ua wa kasri la wafalme, vidole vya miguu sivisikii tena. Kifuani nilikuwa na joto la kutosha, lakini baridi ya kule inapanda kutoka kwenye mawe unayoyakanyaga.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kwenda, pesa yako ya kwanza iende kwenye viatu. Chukua soli nene, na kiatu kikuzidi kidogo ili soksi ya sufu ipate nafasi. Usivae soksi tatu ukakaza kamba, maana mguu uliobanwa hupoa upesi. Huku juu vaa nguo kadhaa nyepesi zinazovulika: fulana ya mikono mirefu, sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi majengo ya mji ule hupashwa joto, hivyo ukiingia ndani na koti moja zito utatoka jasho, na ukirudi nje jasho hilo ndilo litakalokugandisha.

Kasri lenyewe, ambalo Wachina hulitaja Gugong, lilikamilika mwaka 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, yule yule aliyetuma merikebu za amiri wake Zheng He zilizofika mpaka Malindi kwetu huku. Wageni huingia kwa lango la kusini na kutokea kaskazini, na upepo wa kipupwe unatoka kaskazini. Maana yake safari nzima upepo unakupiga usoni. Nyua za mbele ni pana mno na hazina hata mti mmoja wa kujikinga. Kumbi kubwa zenyewe huingii, unachungulia tu kutoka mlangoni. Ndiyo maana nakushauri uyapange matembezi yako kwa kufuata mahali pa kujipasha moto. Chumba cha maonyesho ya saa za wafalme kina kiingilio chake cha yuani 10, na kwangu mimi zilikuwa yuani 10 bora za siku ile: nilitazama saa, nikatoka mtu mpya.

Kitu kilichonigusa zaidi ni yale madumu makubwa ya shaba yaliyopangwa uani. Yalijazwa maji ya kuzimia moto, kwa kuwa kasri lote ni la mbao. Kipupwe kilipofika waliyavisha mavazi ya pamba, na baridi ikizidi waliwasha moto chini yake maji yasigande. Nililigusa moja kwa kidole bila glavu, likauma kama limeng'ata. Tafadhali usiondoke hapo bila kuyatazama kwa karibu.

Tiketi ya kipupwe ni yuani 40. Iwekee nafasi mapema kwa namba ya paspoti, na kumbuka Jumatatu ya kawaida pamefungwa.

Simu nayo iweke mfuko wa ndani, igusane na mwili. Yangu ilizima ikiwa bado na chaji karibu nusu, nipo mlangoni mwa bustani ya Jingshan, ng'ambo ya lango la kaskazini, na karibu kila kitu kule hulipwa kwa simu. Noti chache mfukoni ndizo zilizonipandisha kile kilima, ambacho kilirundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la kasri. Kabla ya kupanda nilinunua kiazi kitamu cha kuchoma kwa mama mmoja barabarani. Sikukila mara moja. Nilikishika kwa mikono miwili mpaka juu, na kutoka pale nikaona mapaa yote ya njano ya kasri.

Jioni nilikwenda mtaa wa Niujie, kwenye msikiti ulioanzishwa mwaka 996. Ukiuona kwa nje, mapaa yake ni ya Kichina kabisa. Mzee mmoja aliitikia salamu yangu na kunionyesha kwa mkono mgahawa wa jirani wenye chakula cha halali. Hapo huletewa sufuria la shaba lenye makaa katikati, maji yakitokota, na sahani ya nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Unachovya kipande, unahesabu mpaka kumi, unakitoa na kukipitisha kwenye mchuzi wa ufuta. Usikiache kikae, kitakuwa kigumu. Kufikia sahani ya pili nilianza kuvisikia tena vidole vya miguu.