Muulize Mwalimu: Mechi ya saa tano usiku, shule ya saa moja asubuhi

Barua za safari hii zimetoka Mtwara mjini, Masasi na Newala, na karibu zote zina mpira ndani yake. Nimechukua nne. Walioniuliza nani atabeba ubingwa msimu huu watafute mganga. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia niliyekuwa pia nafundisha timu ya shule.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu Novemba iingie, Jumanne na Jumatano simuoni nyumbani, yuko kibanda umiza anaangalia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Zamani alikuwa anawahi kurudi, sasa ni saa saba usiku. Mwalimu wake wa darasa kanipigia simu, anasema mtoto analala tangu kipindi cha kwanza. Baba yake ananiambia nimwache, eti anajifunza mpira, na kweli anaupiga mwingi, timu ya mtaa inamtegemea. Nimfungie mlango? – Mama wa Chuno

JIBU: Marahaba mama. Mlango usifunge. Atalala kwa rafiki yake, na huko hutajua hata ameamka saa ngapi.

Niruhusu nimtetee kwanza. Mtoto hajabadilika, zilizobadilika ni saa za Ulaya. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, sisi huku hatugusi kitu. Mechi zilizokuwa zinaanza saa nne usiku kwetu mwezi wa Septemba, Novemba zinaanza saa tano, na zitabaki hivyo mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Filimbi ya mwisho inalia karibu saa saba. Bado ubishi wa nje ya kibanda, ambao naujua, hauna mwamuzi wala muda wa nyongeza. Akiweka kichwa kwenye mto saa saba na nusu na wewe ukamwamsha saa kumi na moja awahi namba shuleni, amelala saa tatu na nusu. Mtu wa umri wake anatakiwa kupata saa nane hadi kumi.

Kuna jambo jingine la kumtetea. Mtoto akibalehe, saa ya mwilini mwake inasogea mbele. Melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, inaanza kutoka kwa kuchelewa, saa moja au mbili baada ya muda wake wa utotoni. Ndiyo maana ukimwamuru alale saa tatu anakodolea dari macho. Ukimpa na simu yenye mwanga chini ya chandarua, inachelewa zaidi. Si ukaidi wote huo mama, sehemu yake ni umri.

Sasa mwite baba yake umsomee hiki kipande. Mzee mwenzangu, unataka mchezaji? Homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi zaidi kwenye usingizi mzito, na usingizi mzito mwingi huja mwanzoni mwa usiku, muda mfupi baada ya mtu kusinzia. Huko ndiko misuli iliyochanwachanwa na mazoezi ya jioni inapotengenezwa. Tena chenga aliyoirudia jioni kwenye mchanga, ubongo unaipanga akiwa amelala. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Los Angeles kwa wanafunzi wanamichezo 112: waliokuwa wanalala chini ya saa nane waliumia mara 1.7 ya waliolala nane au zaidi. Kuna na wale wachezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2011, walioambiwa wajitahidi kukaa kitandani saa kumi kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Mbio zao fupi zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo yao huru ikaingia zaidi kwa asilimia 9. Walikuwa watu 11 tu, sitaapa kwa jina lao. Lakini ukiniuliza kijana gani Jumamosi atawahi mpira uliokatika katikati, nitakuonyesha aliyelala Ijumaa. Kwenye skrini ya kibanda mtoto anajifunza kushangilia, basi. Anayejifunza mpira anaucheza.

Fanyeni hivi. Jumanne na Jumatano hizo hizo kuna mechi za mapema, zinaanza saa tatu kasorobo. Aangalie hizo, saa nne na nusu ang'oke. Ile ya saa tano aombe moja kwa msimu, ile anayoisubiri kuliko zote, na kesho yake asiwe na mtihani. Jumamosi mechi nyingi za Uingereza zinaanza saa kumi na mbili jioni kipindi hiki, hapo mwacheni ashibe. Akitoka shule alale dakika ishirini, nusu saa ikizidi, ndipo aende mazoezini. Joto la Novemba hapa kwetu mnalijua: aoge kabla ya kulala, dirisha liwe wazi, chandarua kishushwe. Mwili haupati usingizi mzuri mpaka upoe kidogo.

Na mwenye kibanda azungumzwe naye. Mikindani ninakokunywa kahawa yuko mmoja, saa nne ikigonga anapita na tochi, anamtoa kila anayemjua kuwa ni mwanafunzi. Hajafilisika.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 14, nacheza winga. Kocha amechagua timu akaniacha, kasema mimi ni mdogo sana nirudi nikikua. Wenzangu aliowachukua tuna umri mmoja lakini wana ndevu. Kuna kaka hapa stendi anauza unga wa kuongeza urefu. Nikilala sana nitarefuka? Mbona Messi ni mfupi? Halafu goti linaniuma chini ya pia, palipovimba kama kifundo. – Winga wa Masasi

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hela ya unga nunua dagaa.

Mifupa mirefu inarefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka la gegedu. Tabaka hilo likishakuwa mfupa kamili, hakuna unga wa stendi wala wa hospitali utakaolifungua. Likiwa bado wazi, kama lako bila shaka, linafanya kazi yake bila kuomba unga. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa na miaka 14 hivi, ila wapo wanaoanza kasi hiyo na miaka 12 na wapo wa 16. Kwa hiyo wewe na huyo mwenye ndevu mmezaliwa mwaka mmoja, lakini mifupa yenu inaweza kupishana miaka miwili, mitatu. Kocha ameona mwenye mifupa mikubwa akadhani ameona mwenye kipaji. Makocha wa nchi nyingi wanaanguka hapo hapo: kwenye timu za vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kuhesabia umri hujaa kuliko waliozaliwa mwishoni, kwa sababu miezi kumi ya kukua inaonekana kwa macho na akili ya mpira haionekani upesi.

Mifupa ina habari nyingi. Tangu 2009 FIFA inapiga picha ya kifundo cha mkono cha wachezaji wa chini ya miaka 17 kwa mashine ya MRI, kuona kama lile tabaka limeshafunga. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, walikwenda Kombe la Afrika la vijana Gabon 2017 kwa mlango huo: Kongo Brazzaville waliotutoa uwanjani waliondolewa baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo. Nilishangilia, sikatai.

Messi mwache. Kila mfupi anamtaja Messi, lakini yeye alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji uliothibitishwa na madaktari, akatibiwa kwa sindano, na Barcelona walimchukua akiwa na miaka 13. Hiyo si hadithi yako. Mtazame Jamie Vardy. Sheffield Wednesday walimwacha akiwa na miaka 16 kwa kuwa mdogo wa umbo. Akafanya kazi kiwandani huku anacheza ligi za chini, akaingia Leicester City 2012 akiwa na miaka 25, na 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Usingizi haukupi urefu ambao wazazi wako hawakukurithisha. Unakupa nafasi ya kuufikia wote, na chakula pia: dagaa, kunde, mbaazi, mayai yakipatikana.

Goti. Umri wako mfupa unarefuka mbele ya misuli, na ule mshipa mnene unaoshuka kutoka kwenye pia unavuta kifundo kilicho juu ya muundi kila unapokimbia, mithili ya kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa kwenye mti mchanga. Watoto wanaocheza sana hulipata hilo, na kwa kawaida huisha mifupa ikimaliza kukua. Punguza kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nyoosha misuli ya mbele ya paja taratibu. Usikubali kuchuliwa kwa nguvu. Goti lote likivimba, ukipata homa, ukichechemea au ukiamshwa na maumivu usiku, nenda hospitali usisubiri barua yangu.

Wakati huo piga pasi kwa mguu wa kushoto ukutani. Sijui kama wewe ni wa kulia, ila mawinga wa Masasi wote niliowaona ni wa kulia.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 13, alichaguliwa timu ya shule. Desemba iliyopita alitolewa unyago, na sasa bibi yetu anasema mwanamke mzima hakimbii na mpira, ataharibu kizazi. Yeye mwenyewe analia. Tena siku hizi anachoka sana mazoezini. Nimwambie nini bibi? – Dada mtu, Newala

JIBU: Marahaba. Bibi usimwambie neno kwa ukali, mnyenyekee, umpelekee na korosho za kubangua. Kisha umweleze kwamba somo la unyago limemfundisha mjukuu wake adabu na usafi, ila mifupa haikuhudhuria. Wasichana hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 12 hivi, mapema kuliko wavulana kwa karibu miaka miwili, na hata baada ya kuvunja ungo huendelea kuongezeka sentimita kadhaa. Huyo ni mtoto anayekua. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, kimekingwa vizuri, na mpira haukiharibu. Mwaka 2022 Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakawafunga Ufaransa mabao mawili kwa moja na kufika robo fainali. Mwulize bibi kama alikuwa na habari.

Kitu cha kuogopa kwa msichana ni goti, si kizazi. Kano ya ndani ya goti hukatika kwa wasichana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana wa michezo hiyo hiyo. Kocha wake awafundishe kutua kwa magoti yaliyokunjwa, yasiingie ndani. Mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+ yanachukua dakika ishirini, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na yamethibitika kupunguza majeraha.

Uchovu nao una sababu ambayo hukuiandika, nami nitaiandika. Nani anaamka saa kumi alfajiri kuchota maji kwenu? Nani anaosha vyombo vya usiku? Kaka zake wanakosa usingizi kwa ajili ya mechi, yeye anaukosa kwa ajili ya ndoo. Mgawane. Kama uchovu utaendelea hata akilala vya kutosha, apimwe damu, maana hedhi ikiwa nyingi na chakula hafifu huleta upungufu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi bodaboda, miaka 38, Simba damu. Tukifungwa na Yanga sipati usingizi mpaka adhana ya alfajiri, na saa kumi na moja natakiwa stendi. Ni ugonjwa? – Magomeni, Mtwara

JIBU: Njema kaka. Ugonjwa ungekuwa huo, nusu ya nchi ingelazwa. Mwili wako umepokea kipigo kana kwamba ni chako: moyo unakwenda mbio, homoni za hasira ziko juu, na wewe unaziongezea uchambuzi wa redio na kahawa. Kafeini inapungua nusu kwa muda wa karibu saa tano. Kikombe cha saa tatu usiku, nusu yake bado inazunguka mwilini saa nane. Siku ya dabi kahawa mwisho saa tisa alasiri, na filimbi ikilia zima redio, wachambuzi hawarudishi bao.

La stendi ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo wepesi wake unashuka kufikia wa mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na wewe unakuwa umepita hapo. Siku hiyo mpe mwenzako zamu ya alfajiri, ulale mpaka saa mbili, uingie barabarani baadaye. Mimi ni wa Ndanda, tangu tushuke daraja nalala saa tatu.