Gego la mwanangu halikung'olewa

Kama una mtoto wa miaka sita au saba, mtoe nje kwenye mwanga wa jua leo, afungue mdomo, utazame nyuma kabisa ya magego yake ya utoto. Hapo huota gego la kudumu bila jino lolote kung'oka kwanza, na ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Mimi nililidhania hivyo.

Babu yake mwanangu anafuga nyuki Sikonge, kwa hiyo asali haikauki kwetu hapa Tabora. Kila usiku mtoto alilala na chai ya asali. Naipenda asali yetu ya miombo na sitaacha kuila, lakini kwa bakteria wa mdomoni ni sukari tu. Wakiila hutoa asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Mate huyarudisha madini hayo, ila usingizini mate hupungua sana.

Dada yangu ndiye aliyeona: gego la kushoto lina katundu ka kahawia, la kulia lina doa jeupe lililofifia kama chaki. Tulikokwenda kwanza tukaambiwa lile lenye tundu ling'olewe, eti litaota jingine. Namshukuru dada alikataa. Daktari wa pili alitazama akasema, "Mama, hili ndilo la uzeeni. Likitoka, limetoka."

Hakuwasha mashine. Alikwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, akachanganya unga na maji yake kwenye karatasi, haraka haraka, akaujaza wakati bado unang'aa. Kisha akapaka vaselini kwenye kidole cha glovu akaukandamiza. Mtoto hakulia. Tuliambiwa asile kwa saa moja.

Njia hiyo huitwa ART, kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment, na ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ili watu wa vijijini wazibwe meno bila kuhitaji umeme. Dawa yenyewe ni simenti ya glasi ayonoma, waliyoitangaza wanakemia Alan Wilson na Brian Kent wa London mwaka 1972. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo usione haya kuiulizia kwa jina.

Ninachoipendea ni kwamba haikai tu kama kiraka. Hushikana na kalsiamu ya jino lenyewe, halafu hutoa floraidi, nyingi siku za mwanzo, kidogo kidogo baadaye. Floraidi hiyo husaidia madini ya mate kurudi kwenye enameli iliyo jirani, na enameli hiyo huwa ngumu zaidi kwa asidi. Ikipungua, simenti hujichaji kwa floraidi ya dawa ya meno. Ndiyo maana mswaki baada ya kuziba una kazi kubwa kuliko kabla: asubuhi na kabla ya kulala, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Lakini usidanganywe kwamba tundu litajaa lenyewe. Enameli haina chembe hai za kuiotesha upya. Kinachoweza kurudi ni madini ya pale palipolainika kabla hapajatoboka. Na kwenye tundu pana simenti hii huchakaa au huvunjika mapema kuliko vijazio vingine, kwa hiyo rudi ikaguliwe hata kama haliumi. Mzazi anayengoja maumivu amechelewa, na hili nalisema kwa uchungu.

Chai ya asali sasa ni ya saa kumi jioni, pamoja na mihogo. Lile gego la kulia halikuzibwa, tulilisugua tu kwa uangalifu, usiku hadi usiku. Tuliporudi, daktari alilikausha kwa pamba, akaniita nisogee nione. Doa bado lipo, ila uchaki umekwisha, linang'aa.